Zege la Mjomba

Mjomba alisema maneno yaleyale ambayo watu walikuwa wakiyasema tangu asubuhi, ila ni yeye peke yake aliyejibiwa.

"Kazi ya Mungu haina makosa, dada," alisema, bado amesimama mlangoni na kofia yake mkononi.

Mama alikuwa amekaa sakafuni, miguu ameinyoosha. Tangu mazishi ya jana yake alikuwa hajatamka neno. Akainua uso. "Ya Mungu haina," alisema. "Ya kwako je?"

Shangazi aliyekuwa akimimina chai akaendelea kumimina mpaka kikombe kikafurika. Mjomba akavaa kofia yake na kutoka. Alikuwa kaka wa pekee wa mama yangu, na hakuingia tena ndani ya nyumba yetu mpaka nilipokuwa mtu mzima.

Mnara ulikuwa wake. Nguzo nne za zege nyuma ya jiko, na juu yake bamba la kubebea tangi la maji. Aliujenga bure, kwa kuwa dada yake alikuwa amechoka kubeba ndoo, na siku ya kuumaliza alipanda juu akacheza mpaka mama akamfokea ashuke, akicheka. Miezi michache baadaye, kitinda mimba wetu alikaa kwenye kivuli cha mnara huo akisugua viatu vyake vya shule. Mimi nilikuwa jikoni, namenya viazi. Nilisikia kishindo, kisha maji mengi yakapita chini ya mlango. Nakumbuka niliinua miguu nisilowe. Yaliyofuata nimewahi kumsimulia daktari mmoja tu, na sioni sababu ya kuyarudia.

Ndugu walijaribu kupatanisha. Walikuja wawiliwawili, na maneno yao yamepangwa: damu ni nzito kuliko maji, yaliyopita si ndwele, tumwachie Mungu. Hilo la mwisho ndilo lililomtia mama wazimu.

"Tumwachie Mungu nini?" aliwauliza. "Mmemgeuza Mungu jalala. Mtu analewa anaendesha gari anaua, mnasema Mungu amependa. Mtu anapunguza simenti, mnasema Mungu amependa. Mungu hakupenda! Mungu alimpenda mwanangu kuliko mimi niliyemzaa. Aliyekoroga zege lile ni mtu, na ana jina."

Walirudi kwao wametahayari. Hesabu ya mama ilikuwa hiyo tu: Mungu mwema, fundi mzembe. Na nikisema ukweli, hesabu hiyo ndiyo iliyomwinua kitandani. Aliendelea kusali. Aliendelea kuimba akifua, kwa sauti ileile mbovu iliyokuwa ikitukera zamani, na nilipokuwa namsikia nilijua kwamba leo tena hatakufa. Nimeona akina mama wengine waliofiwa na watoto, wakabaki wanatembea tu kama nguo zilizoachwa kwenye kamba. Mama yangu hakuwa hivyo. Kuna mtu alilipa ili asiwe hivyo, lakini hilo sikulijua.

Mjomba hakujitetea hata mara moja. Aliacha ufundi, akawa mlinzi wa ghala upande wa pili wa mji. Watu wakasema angekuwa hana kosa angesema. Mimi nilimkosa. Ndiye aliyenibatiza jina la Redio, kwa sababu sikuwa msemaji, na kila alipokuja aliniinamia sikioni na kuuliza kama betri zimefika. Baada yake hakuna aliyenitania tena.

Nilipokua nilipata kazi kwenye maabara ya kupima zege. Mafundi hutuletea vipande, tunavibana kwenye mashine mpaka vivunjike, tunaandika vilivunjika kwa uzito gani. Watu hudhani niliichagua kazi hiyo kwa sababu ya ndugu yangu. Ukweli ni kwamba tangazo lilitoka nami nilikuwa na njaa.

Mwaka ambao dada yangu alijifungua, mama alikwenda kumsaidia kulea, akaniachia kazi ya kusimamia mafundi. Alitaka chumba kimoja cha kupangisha nyuma ya jiko, mahali penye mabaki ya mnara. Siku ya kwanza tu, fundi aliyekuwa akivunja nguzo zilizolala alisimama kupangusa jasho.

"Dada, aliyemwaga zege hili alikuwa na ugomvi na nani? Nyundo inaruka tu!"

Nilicheka. Halafu sikucheka. Nilipakia kipande kimoja kwenye gari, na kesho yake nikakibana kwenye mashine kama ninavyobana cha mtu yeyote. Mashine haijui mjomba ni nani. Kipande kilikataa, kikakataa, na kilipokubali kuvunjika kilikuwa kimebeba mara tatu ya mzigo ambao tangi lile lingeweza kuwa nao. Lilikuwa zege zuri kuliko mengi yanayosimamisha maghorofa. Niliketi pale na miwani ya kazi usoni mpaka mwenzangu akaniuliza kama naumwa.

Jibu lilipatikana wiki hiyohiyo, walipoanza kuchimba msingi. Sururu ya mchimbaji ilizama mpaka kwenye mpini. Tulipopanua tukakuta uwazi chini ya pembe moja ya mnara, kama tumbo, na chini kabisa maji yakipita taratibu. Juu udongo ulikuwa mgumu, hata ungekuwa fundi wa namna gani usingeshuku kitu.

"Hapa mtu hakuchimba," mchimbaji alisema, amepiga magoti. "Haya maji yamejipitia yenyewe tangu dunia iumbwe."

Niliwaambia wajaze mawe na kokoto, chumba tukisogeze. Kisha nikaingia ndani nikakaa kwenye kiti cha mama. Zege lilikuwa zima. Mkono wa mtu haukuwemo. Mjomba alikuwa amefungwa bila kosa, na ufunguo sasa ulikuwa mfukoni mwangu. Lakini nikimfungulia yeye, ni nani atakayeingia mahali pake? Mama hakuwa na washtakiwa wengi. Alikuwa na wawili tu.

Nilianza kwa mjomba. Nilimkuta getini kwa ghala, kwenye kigoda, amezeeka kuliko alivyostahili. Alinitazama kidogo, kisha akasema, "Redio," kama mtu anayejaribu kama neno bado linafanya kazi.

Nilimweleza yote, mashine na uwazi na maji. Alisikiliza bila mshangao, na hapo ndipo nilipoelewa.

"Ulijua."

"Nilirudi wiki ile ya msiba, mama yako alipokuwa kwa shangazi zako. Nilishindilia nondo kwenye pembe. Ikazama yote. Nikafukia."

"Na hukusema!"

"Ningesema nini, mwanangu? Kwamba si mimi? Angeniuliza, basi ni nani?" Aliangalia barabara. "Mimi angeweza kunikosa. Yule mwingine asingeweza kumkosa."

Mimi si mtu wa hasira, lakini siku ile nilikasirika mpaka meno yakaniuma. Nilimkasirikia yeye, nikamkasirikia mama, na nikamkasirikia huyo wa tatu ambaye sikuwa na uhakika hata kama yupo, kwa kukubali kubebewa mzigo wake na mlinzi wa ghala. Mjomba alinisihi nisimwage mtama. Nilimwambia sitaahidi.

Mama aliporudi nilimwacha ale kwanza. Halafu nikamwambia jikoni, kwa sauti ninayoitumia kusoma majibu ya maabara, kwa sababu sina nyingine. Alikuwa ameshika kifuniko cha sufuria. Alikishika mpaka nilipomaliza.

"Alijua?" ndilo swali lake la kwanza.

"Alijua, mama."

"Tangu lini?"

"Tangu wiki ile."

Alikwenda nyuma ya jiko, akasimama kwenye mawe tuliyojaza. Alisimama pale mpaka jua likawa kali. Siku ile hakuimba, na jioni, kwa mara ya kwanza maishani mwangu, alilala bila kusali. Niliogopa. Nilijiambia nimemuua mama yangu kwa kutaka haki, na kwamba mjomba, ambaye hajasoma, alikuwa amelijua hilo kabla yangu.

Asubuhi nikamkuta amevaa nguo yake ya kutokea. "Nipeleke," alisema.

Getini, mjomba alisimama haraka mpaka kigoda kikaanguka. Walitazamana, wazee wawili wenye pua moja. Nilidhani mama atapiga magoti, au atalia. Badala yake alimpiga begani kwa mkoba.

"Nani alikutuma?" alisema. "Eh? Nani alikutuma, kaka? Ulidhani Mungu wangu ni mdogo kiasi hicho, hata ashindwe kubeba lawama yake mwenyewe?"

Mjomba akaanza kulia, na mama ndipo akalia. Walilia pale mbele ya malori yanayopiga honi, wameshikana kama watoto walioachwa sokoni. Niligeuka nikatazama pembeni. Nami nililia, niseme tu.

Tulirudi naye nyumbani. Mama alipika mwenyewe, akapakua, akamweka kaka yake kwenye kiti kinachotazama dirisha. Tulipokwisha kukaa akafumba macho kama ilivyokuwa desturi yake, nasi tukainamisha vichwa kungoja shukrani zile tulizozijua kwa moyo. Hazikuja. Kimya kilikuwa kirefu mpaka nikafumbua jicho moja. Uso wake haukuwa wa mtu aliyekata tamaa. Ulikuwa uso wa mtu aliyekwenda ofisini kwa mkubwa, akaambiwa hayupo, akavuta kiti.

"Alikuwa na miaka sita," alisema.

Alibaki vilevile, macho amefumba, akisubiri jibu, na sisi tukasubiri naye. Chakula kilipoa, na hakuna aliyethubutu kusema amina.