Chembe Nyeupe za Resiato

Jumanne moja ya Machi 2004, nesi Antonia alikuwa akianika mashuka ya zahanati iliyo kwenye njia ya Endamarariek, alipoona chembe nyeupe za damu zikimtoka Resiato mdomoni. Zilikuwa kubwa kama punje za mtama, zina utelezi wa usaha, zinanuka maziwa yaliyooza. Kila moja ilikuwa na vimikono mwili mzima. Zilishuka kidevuni, zikapapasa benchi, sabuni na kandambili za watu, kisha zikarudi mdomoni. Wagonjwa wengine walikunja miguu ili zipite.

Resiato alikuwa na miaka kumi na sita. Baba yake, mzee Olais, alimleta kutoka Endulen kwa lori la mahindi. Tangu utotoni koo lilikuwa likimuuma na kupoa lenyewe. Sasa miguu ilimvimba, na alilala ameketi kwa kukosa pumzi. Antonia alipoweka kipimo kifuani alisikia chembe zikiupiga moyo kwa zamu, kama wanawake watatu kwenye kinu kimoja.

Aliandika tena wilayani kuomba dawa ya sindano, aliyoiomba tangu Novemba. Dawa haikuja. Alikuja Daktari Herbert wa mradi wa utafiti, na boksi la barafu.

Herbert aliokota chembe moja kwa koleo, akafurahi.

“Hivi vimikono ni vipokezi,” akamweleza mzee. “Chembe hupapasa navyo kumtafuta kijidudu wa koo. Ikimshika, inapiga. Sasa nyama ya moyo wa binti, ukiipapasa, inafanana na huyo kijidudu.”

“Kwa hiyo walinzi wanapiga boma lao wenyewe.”

“Ndiyo, mzee.”

“Wakatazwe.”

“Ipo sindano ya kila mwezi. Inaua kijidudu, walinzi wasiamshwe tena.”

“Basi mchome.”

“Hiyo haiko kwenye mradi wetu. Sisi tunaangalia vipokezi tu.”

Chembe moja ilimdondokea Herbert kwenye chai. Akaiopoa kwa kidole, akaitia kichupani, akamaliza chai. Antonia alitoka nje, akatapika nyuma ya tangi la maji. Aliporudi akapewa trei.

“Shika vizuri, sista. Hizi ni mali.”

Akashika. Vichupa arobaini vilijaa, na harufu ilimganda mikononi hata baada ya kunawa mara tatu. Herbert akamshukuru Resiato kwa Kiingereza, gari likaondoka.

Resiato alifariki Mei, hapohapo zahanati, ameketi. Mzee Olais alimfunga shuka lake, akaomba lori.

Chembe zilizosahaulika sakafuni hazikwenda naye. Zilibaki zahanati, zikipapasa miguu ya meza, na kila asubuhi Antonia alizifagia pamoja na vumbi. Baada ya wiki mbili zilirudi kuwa nyingi vilevile.

Agosti likaja bango kutoka kwenye mradi: picha ya kimikono kimoja, kubwa kama mlango, na chini yake shukrani kwa jamii. Antonia alilitazama. Barua iliagiza libandikwe. Akalibandika.

Siku hiyohiyo Anneth, mkulima wa jirani, alimleta bintiye wa miaka sita.

“Koo linamuuma, nesi. Hali chakula.”

Mtoto akafumbua mdomo. Zikatoka chembe tatu, ndogo bado, zikasimama kwenye mdomo wa chini zikipapasa hewa. Mama yake akazipangusa kwa kanga.

Antonia akafungua kabati. Kulikuwa na pamba tu.

“Asukutue kwa maji ya chumvi,” akasema.