Mtihani wa Bilauri Nyeusi

Nasr, kijana wa Wete aliyekuwa mhudumu katika hoteli moja ya Maskati, aliujua mvinyo wa Hispania kuliko alivyoujua ukoo wake, na tone lake halijawahi kupita kooni mwake. Kuubeba nako kuna dhambi, lakini hilo alikwisha kubishana na nafsi yake, nafsi ikachoka mwanzo. Cava ndio wenye mapovu. Sheri hutoka Jerez. Mwekundu wa Rioja uliolala muda mfupi huitwa crianza. Uliolala miaka mingi ni gran reserva, na pipa huutia harufu ya vanila na karafuu. Karafuu! Mtoto wa Pemba akacheka peke yake. Mtihani wa hoteli wa kutambua mvinyo angeupita kwa pua tu. Na ilimbidi aupite, maana atakayeshindwa mkataba wake hautaongezwa, arudi kwao.

Shangazi yake, Bi Kheiria, aliyempa chumba kwake Mawaleh, aliambiwa ni mtihani wa kazini, basi. Asubuhi akaweka chetezo chini ya shati lake.

"Nnakufukizia udi, mwanangu. Mtu haendi mbele ya wakubwa ananuka vitunguu."

"Ahsante, shangazi." Angesema nini tena, maskini?

Hotelini, meneja wake, Bwana Loai, alimwekea bilauri mbili nyeusi, rangi isionekane. "Gran reserva ni ipi?"

Nasr akainusa ya kwanza. Udi. Akainusa ya pili. Udi mtupu, umemtoka kolani na mikononi mwa shati. Jasho likamchuruzika, harufu ikazidi.

"Nani huja kuonja mvinyo na bukhuri nguoni?" Loai akauliza kwa Kiarabu chake cha Beirut. "Haya, onja, kisha uteme." Akamsogezea ndoo.

Nasr akaiinua bilauri mpaka ukingo wake ukamgusa mdomo. Akaogopa. Kumwogopa Mungu kulikuwepo, lakini kilichomwumiza zaidi ni kwamba jioni angembusu shangazi yake mkono kwa mdomo uleule. Akaiweka chini.

"Hii," akabahatisha.

"Hiyo crianza. Aje mwengine."

Nasr hakuondoka. "Crianza ni miaka miwili," akasema mbiombio, "mmoja ndani ya pipa. Gran reserva mitano, miwili ndani ya pipa. Albarinyo ni mweupe, wa Galisia, karibu na bahari..."

Loai alikuwa akimmiminia mhudumu aliyefuata, na Nasr bado anataja miji.