Mkwe Hafokewi

Mwanangu Sufiani ni kocha wa Pweza, timu ya mtaani kwetu Bagamoyo, na makombe yake yote yako juu ya kabati langu, maana mkewe kachoka kuyapangusa vumbi. Watu wanasema ana kipaji. Kipaji gani? Ana mdomo. Alipokuwa kijana alicheza beki, na kila aliyetaka kufunga alipita kwake bila hata kubisha hodi. Alipoacha kucheza ndipo timu ilipoanza kushinda.

Siri yake ni kufoka. Akisimama pembeni ya uwanja utamsikia: wewe unakimbia kama umebeba uji wa moto, na wewe hapo umesimama unangoja posa? Vijana wanacheka, wanakimbia, wanafunga. Aliyefokewa kuliko wote ni Bilali, beki wa kati, kijana wa Makurunge, mpole, mabega mapana. Mazoezi yakianza ni Bilali, yakiisha ni Bilali. Na hakuna mshambuliaji aliyempita.

Sasa mwanangu, na akili zake timamu, akamwozesha binti yake Ummy kwa huyo huyo Bilali. Nilimwonya. Nilimwambia amtafutie mtoto mume kwenye timu nyingine, hata kipa si mbaya. Akaniona nimezeeka. Basi pilau likaliwa, harusi ikaisha, wakarudi mazoezini. Bilali akakosea pasi, Sufiani akafumbua mdomo, kisha akaufumba. Mkwe hafokewi. Kwetu hata jina lake hulitaji ovyo. Mnaitana baba, mnainamisha macho, mnapishana kwa adabu.

Adabu hiyo nusura iiue timu. Bilali akawa anapitwa na kila mwenye miguu. Pweza wakafika fainali kwa kuponea chupuchupu, na viongozi wakamwambia Sufiani bila kumung'unya maneno: kombe likimponyoka, wanaleta kocha kutoka Dar. Mwanangu hana kazi nyingine anayoiweza. Nimemzaa mwenyewe, najua. Akaja kwangu, ugali anaugeuzageuza tu, hali. Nilimwonea huruma, lakini kwanza nilimcheka.

Kisha nikamkumbusha kwamba mimi ni bibi yake Ummy. Kwa hiyo Bilali ni mume wangu, mtani wangu, naweza kumwambia lolote hata mbele ya kadhi. Siku ya fainali nikakaa benchi na ndoo yangu. Refa aliponiuliza, nikamwambia nimekuja kunywesha watu maji. Sufiani ananinong'oneza, mimi napaza.

"Mume wangu, yule mfupi anakupita kila mara. Unataka nihamie kwake?"

Uwanja mzima kicheko. Bilali anatabasamu, anakaba. Mapumziko bado bila bila.

Kipindi cha pili tukapata bao, nami nikashangilia mpaka sauti ikakauka. Nafungua mdomo, inatoka hewa tupu. Hapo sasa wapinzani wetu, vijana wa Saadani, wakaja juu, wanashambulia mfululizo, na Bilali amesimama katikati, kapotea, anatazama benchi. Sufiani akanitazama. Nikatikisa kichwa, sina sauti. Akavua kofia.

"Bilali! Umelala? Hiyo miguu umeazima? Rudi nyuma, we mtoto, rudi!"

Mamake Bilali, aliyekuwa ng'ambo ya pili, akajifunika uso kwa kanga. Bilali akarudi mbio, akauondoa mpira kwenye mstari kabisa. Filimbi ikalia, kombe letu.

Vijana wakalikimbilia. Sufiani akakaa chini mchangani, kichwa magotini. Kazi kaiokoa, lakini kamfokea mkwewe mbele ya umati, na mbele ya mamake kijana. Ndoa ya mwanawe ikivunjika atamlaumu nani? Bilali akawa anakuja, uso umekunjamana. Niliogopa, siwafichi. Akachuchumaa mbele ya Sufiani, na kumbe analia.

"Baba, tangu nimuoe Ummy hujanifokea hata siku moja. Nilijua hunitaki tena."

Sufiani akainua kichwa kutoka magotini. Akamwambia kwamba ile pasi yake ya mwanzo wa mchezo ilikuwa mbovu kuliko zote alizoziona tangu azaliwe.

Bilali akajifuta uso, akamwomba amtajie na nyingine.