Kamera Mbili na Mstari wa Nyuma

Jumatatu saa tatu asubuhi, mpiga picha wa kiwanda cha magodoro aliziweka kamera mbili juu ya kabati la chuma ofisini kwake, akazitia betri. Muuza kamera alikuwa amempa zote mbili azijaribu kwa siku moja. Zote zilikuwa fulfremu, zile zenye kihisi kipana kama kipande cha filamu ya zamani. Moja ilikuwa nzito, ya kampuni iliyojijengea jina zamani. Nyingine nyepesi, ya mahasimu wao waliokuja juzijuzi. Muuza kamera aliapa kwamba kuchagua kati yazo ni kama kuambiwa uchague pacha mmoja. Meneja alitaka moja tu, na alitaka jibu kabla ya jioni.

Wafanyakazi walijipanga uani mistari mitatu kwa ajili ya picha ya mwaka, wafupi mbele. Walikuwa arobaini na watatu. Aliwapiga kwa nyepesi, kisha kwa nzito, akarudi kwenye kompyuta.

Nyepesi ilitoa watu arobaini na watatu. Nzito ilitoa hamsini na wanne.

Kumi na mmoja walisimama nyuma ya wote, na ovaroli zao za bluu. Walikuwa wa zamu ya alasiri, walioteketea kwa moto ndani ya ghala la sponji mwaka uliopita, mlango ukiwa umefungwa kwa nje ili watu wasitoroke kazi. Ripoti ya kiwanda ilisema waliacha kazi kwa hiari. Wa tatu kutoka kushoto alikuwa mdogo wake, kola imekunjika upande mmoja kama kawaida yake. Mpiga picha alikuza ule uso. Alitafuta kitu moyoni, hakukiona. Akaandika daftarini kwamba nzito inashika vizuri sura za walio kivulini.

Meneja alipokuja alisifu rangi, akauliza kuhusu video na muda wa betri. Kisha akaweka kidole kwenye mstari wa nyuma.

"Hawa si wameshaacha kazi?"

"Ndiyo, bosi. Huyu ni mdogo wangu."

"Pole, dada." Akaondoa kidole kwenye kioo. "Tuchukue hii nzito. Hao wa nyuma utawakata."

Aliwakata. Haikuchukua hata dakika. Mkono mmoja tu ulibaki, umewekwa begani kwa mzee wa mashine ya kukatia, ikabidi aufute taratibu kwa kipanya. Mzee alipoelezwa alisema alikuwa ameuhisi asubuhi ile, akadhani ni baridi yabisi.

Picha nzima aliichapa moja, akampelekea mama yake. Mama alivaa miwani, akaitazama mpaka chai ikapoa.

"Amekonda," alisema. "Huko wanampa chakula?"

"Sijui, mama."

"Muulize."

Hakumuuliza. Nyepesi alikuwa amekwisha kuirudisha dukani, akamwambia muuza kamera kwamba haina kasoro yoyote.

Mwaka uliofuata wafanyakazi walijipanga tena uani. Mlango wa ghala ulikuwa umepakwa rangi mpya, na kufuli jipya lilining'inia kwa nje. Mpiga picha aliweka jicho kwenye tundu la kamera nzito. Safari hii mstari wa nyuma ulikuwa na watu kumi na watatu. Wawili wapya walitoka chumba cha gundi, na bado walikuwa wanatafuta pa kusimama. Wote walikuwa wamesogea mno, videvu vyao karibu viguse visogo vya walio hai. Kuwakata kungekuwa kazi ya nusu siku.

"Wa nyuma," alisema, "rudini hatua moja, tafadhali."

Watu wa mstari wa tatu hawakujisogeza. Walijua si wao wanaoambiwa.

Wale kumi na watatu wakarudi, bila kuuliza kwa nini. Mpiga picha akawashukuru, akabonyeza.