Ndugu Tuombe Afungwa Mikono

"Inua kidogo, mwanangu. Mikono, si mabega," bibi alisema, naye Ndugu Tuombe akainua mikono.

Alikuwa ameketi kwenye kigoda, mbele ya kitanda cha bibi huyo katika nyumba ya wazee, viganja vikitazamana kama mtu anayesimulia ukubwa wa samaki aliyemponyoka. Bibi alikuwa anafumua sweta kuukuu la kijivu, na uzi uliotoka humo aliuzungusha kwenye viganja vile, raundi juu ya raundi. Mgongo wa sweta ulikwisha fumuliwa. Karibu na mlango alikaa mwalimu wake wa chuo, mama mmoja mpole mwenye kalamu, akingoja kuona kama mwanafunzi wake ataanguka kwa mara ya tatu.

Mtihani wenyewe ungeusikia ungecheka. Chuo chao cha Kikristo kilifundisha huduma za jamii: saikolojia, malezi, sheria za familia, Biblia asubuhi na kuogesha wagonjwa mchana. Hayo yote Ndugu Tuombe aliyapita, mengine kwa bidii, mengine kwa rehema za Mungu. Kilichomshinda ni kusikiliza. Mwanafunzi alitakiwa akae na mtu mwenye lake moyoni, amsikilize mpaka mwisho, bila ushauri, bila mfano wa binamu yake, na bila kuomba mpaka aombwe. Akianguka leo, wenzake wangekwenda makazini, naye angerudia mwaka pamoja na vijana ambao tayari walikuwa wakimwamkia kama baba yao.

Zamani aliuza viatu, na muuza viatu hanyamazi. Mteja akinyamaza, ujue anaondoka. Basi kila mtu alipoanza kulengwalengwa na machozi mbele yake, ule woga wa dukani ulimrudia. Angekutanisha viganja, ainamishe kichwa na kusema, "Tuombe." Wenzake wakampa jina. Wengine waliona ni uchaji. Yeye alijua ni mlango wa nyuma, maana nani atamkatiza mtu anayezungumza na Mungu?

Hata nyumbani alijaribu kujizoeza. Mkewe alimweleza habari za bati linalovuja juu ya jiko. Alisikiliza vizuri, akatikisa kichwa panapostahili, kisha akaliombea bati.

"Mungu amesikia, mume wangu," mkewe alisema baada ya amina. "Sasa lete ngazi."

"Sweta hili nililifuma mwenyewe," bibi aliendelea. "La mwanangu. Siku hizi ana tumbo, halimtoshi. Nalifumua nimfumie jingine."

"Mm," alisema Ndugu Tuombe. Mm iliruhusiwa.

"Hajarudi tangu mvua zianze."

Bibi akaacha kufumua. Huko koridoni mtu alikuwa anakamua dekio kwenye ndoo. Bibi akapangusa jicho kwa mkono wa sweta.

Ndugu Tuombe akasikia lile neno likimpanda kooni kama kwikwi. Viganja vikaanza kusogeleana vyenyewe. Uzi ukalegea, raundi mbili zikateleza.

"Utanivurugia," bibi alisema.

Akavirudisha. Pua ikamwasha. Mguu wa kulia ukaanza kutikisika bila ruhusa yake. Alijiona shujaa wa imani aliyekamatwa na sweta.

"Mbona leo huombi?" bibi akauliza.

Mlango huo hapo, tena umefunguliwa kihalali. Kalamu ya mwalimu ikasimama.

"Ukitaka tutaomba, bibi," alisema. "Lakini naona ulikuwa hujamaliza."

Nusura ageuke kuangalia ni nani aliyesema maneno hayo.

"Sijamaliza, ndiyo. Mwanangu kuja alikuja, siku ya mvua ya kwanza. Siku ile mlipokuja na wenzako, ukaomba. Nikafumbua jicho moja, nikamwona mlangoni kashika kofia. Nikamwashiria angoje. Ukawaombea wagonjwa, ukawaombea madaktari, ukaingia kwa mabaharia. Mimi sina hata shemeji baharini. Naye ni dereva wa basi, ana zamu zake. Akanipungia, akaenda."

Ombi hilo Ndugu Tuombe alilikumbuka vizuri. Njiani kurudi nyumbani alikuwa amejipongeza kwa ajili yake. Mabaharia aliwaongeza kwa sababu sauti ilikuwa bado ipo.

Samahani ikamjia mdomoni na ukoo wake wote: maelezo, sababu, na binamu. Akaona ikitoka tu, habari ya bibi itakuwa habari yake. Akaimeza, nayo ilikwenda chini kama mfupa.

"Ulitaka kumwambia nini siku ile?" akauliza.

"Kumwambia? Nilitaka kumpima mabega," bibi alisema. "Sasa nitafuma kwa kukisia." Akacheka kidogo, kisha akalia kidogo, na safari hii hakuna aliyefumba macho.

Kengele ya chakula ilipolia, ulikuwa umebaki mkono mmoja wa sweta na kifua chake. Bibi akauvua uzi taratibu kutoka viganjani mwake, akauvisha mgongo wa kiti.

"Mdomo umejitahidi," mwalimu alisema, akifunika kalamu. "Lakini mguu ulihubiri."

"Kwa hiyo nimepita, mwalimu?"

"Bibi amemaliza?"

"Bado," bibi akajibu. "Kesho arudi na hiyo mikono. Na wewe mwenye mikono, kwenda kwenu si unapanda basi la sokoni? Dereva ni yeye. Mwambie mama yake anataka kumpima mabega."

"Nitamwambia, bibi."

"Hayo tu. Usimwombee, anaendesha gari."

Bibi akachomeka sindano kwenye mkono uliobaki, uzi usije ukaendelea kufumuka wenyewe, akaliweka sweta chini ya mto.