Homa Alipokaa kwa Musembi

Asubuhi moja ya Julai 1987, chapati za kwanza zikiwa bado motoni, Homa alishuka kwenye lori la saruji pale Mtito Andei, akapangusa pua na kuvuka barabara. Watu walimsalimia, maana alikuwa akija kila mwaka wakati wa baridi: mtu mwembamba, koti la kijivu, leso mkononi. Hakuna aliyemfukuza. Mgeni hafukuzwi Ukambani.

Alianza kwa Ndeti, mziba pancha. Ndeti alikohoa siku mbili tatu, akamtoa nje, akarudi kwenye magurudumu yake. Ndipo Homa akaenda kwa Musembi mwenye hoteli.

Musembi alikuwa mnene kupita mtu yeyote kwenye barabara ile, na mji ulijivunia unene wake. Nani angekula kwa mwenye hoteli aliyekonda? Alikuwa pia na ugonjwa wa sukari, ambao aliuchukulia kama cheo.

Homa akavua viatu. "Mama, hapa nitakaa," alimwambia Kalondu, mke wa Musembi. "Kwa Ndeti, askari wa damu walinipiga rungu nikiwa bado mlangoni. Hapa wamelewa sukari, wamelala. Wakiamka watakuwa wamechelewa, watapiga ovyo, wavunje mpaka vyombo vya mwenye nyumba. Mimi sina haraka."

Alisema kweli. Kufikia Jumapili Musembi alikuwa ameegemezwa kwa mito, tumbo limeyakalia mapafu, pumzi inakuja kwa vipande. Kalondu aliogopa. Alimpenda mtu huyu na kicheko chake kilichotikisa vikombe kabatini, na hakutaka kubaki na vikombe vilivyotulia.

Muuguzi wa zahanati alileta dawa, akaagiza sukari isionekane nyumba ile mpaka mgeni aondoke. Kalondu akaficha mkebe. Homa akaonja chai isiyo na sukari, akakunja uso kama mtu aliyetukanwa, akaanza kutafuta viatu.

Alasiri akina mama wa kanisa wakaja wakiimba, Syokau mbele, na kreti ya soda, sukari, na glukosi ya kumpa mgonjwa nguvu. Kalondu akawaeleza yote. Wakasikiliza vizuri sana.

"Tumeelewa kabisa, dada," Syokau akasema. "Lakini sasa tukuje kwa mgonjwa mkono mtupu? Hiyo ni aibu."

Wakammiminia. Musembi, ambaye hakuwahi kumkatalia mtu, akanywa. Homa akavua viatu tena, akanenepa hadi vifungo vya koti lake vikaanza kukatika.

Walipokuja tena, Kalondu aliwapokea langoni. "Mzee anaoga," alisema, akachukua zawadi kwa mikono miwili, akazipitisha mlango wa nyuma hadi kwa madereva wa malori. Kesho yake mzee alikuwa anaoga tena. Hakukuwa na mwanamume msafi kama Musembi kutoka pale hadi Voi. Homa akakonda, akanuna, na asubuhi moja akadandia lori la kwenda Emali bila kuaga. Musembi akaamka, suruali ameifunga kwa kamba, akacheka. Vikombe vikatikisika, na Kalondu akalia kwa furaha bila kujificha.

Kanisa likafanya ibada ya shukrani. Syokau akamtazama Musembi kwa muda mrefu, machozi yakamlengalenga.

"Mungu ni mwema," akasema, "lakini mzee wetu amekonda vibaya. Watu watasema nini, dada? Watasema humpi chakula."

Gunia zima la sukari likaletwa mbele, watu wakapiga makofi. Musembi tayari alikuwa amefungua soda.

Kalondu aliwashukuru wote, mmoja mmoja, kisha akaenda kwa fundi Ndolo kuagiza kitanda cha mgeni.

"Kipana kiasi gani?" fundi akauliza.

"Cha mtu mnene," Kalondu akasema. "Na kiwe tayari kabla ya baridi."