Chapa ya Halkano

Mashine ilimaliza kukata, cheche zikazimika, wageni wakapiga makofi. Ekuam alikitoa kipande cha chuma kwa koleo, bado cha moto, akakiinua juu ili hata waliosimama nyuma ya hema wakione.

Wageni hao walikuwa wametoka nchi ishirini na kitu, watu wa karakana ambao hukutana kila baada ya muda kuonyeshana vitu wanavyotengeneza kwa mashine zinazoongozwa na kompyuta. Safari hii walikuja Isiolo. Sharti la mkutano wao lilikuwa moja: mchoro wa kila kitu kilichoingizwa kwenye mashindano lazima uwekwe mtandaoni, bure, wazi kwa dunia nzima, kabla ya saa sita mchana. Kikundi kitakachoshinda kingeachiwa mashine hiyohiyo ya kukata chuma, na Ekuam alikuwa ameshaitengea nafasi katika karakana aliyoachiwa na babake, marehemu Lokorio, pale mtaani Chechelesi.

Alistahili kushinda, na alijua. Kwa miezi minne alikuwa amepiga picha mifugo sokoni hadi akakusanya chapa arobaini na mbili, alama za moto ambazo familia za wafugaji huwachoma ng'ombe wao. Ukimpiga ng'ombe picha, simu inakuambia ni wa nani. Na ili wageni waone makali ya mashine, alikuwa akikata vyuma vyenyewe vya kupigia chapa, kamili, kilichobaki ni kutiwa mpini tu.

"Injinia, ni saa tano na nusu," alisema Joy, mwenzake wa karakana, macho yakiwa kwenye laptopu. "Faili iko tayari. Nitume?"

"Ngoja jaji afike. Nataka aione ikienda."

Aliyefika hakuwa jaji. Alikuwa mwanamume mrefu wa makamo, vumbi la barabara limemkaa begani, fimbo mkononi.

"Salaam aleikum," alisema. Hakungoja jibu. Aliokota chuma kimoja mezani, duara lenye mistari miwili chini yake, akakigeuza. "Hii ni ya nani?"

Ekuam akatabasamu. Swali hilo ndilo alilolipenda. Akaelekeza simu kwenye chuma. "Familia ya Halkano, mzee, wa kule Korbesa."

"Halkano ni mimi."

Tabasamu la Ekuam likakosa mahali pa kukaa.

"Chuma yangu ilitengenezwa na Lokorio wa Chechelesi," Halkano alisema. "Hakuwasha moto mpaka nilete ndugu yangu ashuhudie kwamba hiyo alama ni yetu. Unamjua Lokorio?"

"Ni babangu."

"Basi alikuficha kazi yake."

Watu wawili waliokuwa wakipiga picha walishusha simu zao.

"Mzee, hii tumefanya kuwalinda nyinyi," Ekuam alisema, sauti ikipanda. "Mwizi akiiba ng'ombe wako, picha moja tu, tumemshika!"

"Na akisema ng'ombe ni yake? Tukibishana, kila mtu analeta chuma yake. Ile inaingia kwenye kovu bila kuacha nafasi, mwenyewe ndiye huyo. Hakuna karatasi, hakuna korti." Akagonga chuma kwa ukucha. "Hii umepima kwa kovu yenyewe. Itaingia kuliko hata yangu."

Ekuam hakulijua hilo. Alizaliwa mjini, akalelewa na cheche. Ng'ombe aliwajua kupitia lenzi. Alimtazama Joy, na Joy alikuwa ameondoa kidole kwenye kitufe.

"Tutoe ya mzee pekee?" Joy akanong'ona.

"Na hao wengine arobaini na moja, wao hawana ng'ombe?" Halkano aliuliza.

Jaji, mama mmoja kutoka Peru, aliingia akitazama saa yake. Joy akamweleza kwa Kiingereza, harakaharaka, kisha akamgeukia Ekuam. "Anasema amesikitika. Lakini bila mchoro hakuna mashine. Zimebaki dakika kumi na mbili." Akatazama laptopu. "Miezi minne, manze."

Ekuam aliwaka hasira. Alitaka kumwambia mtu huyu arudi Korbesa na fimbo yake. Alitaka kupiga kelele kwamba hakuna mwingine Isiolo nzima angeweza kazi ile. Yote mawili yalifika kwenye ulimi, akayameza. Alimsogeza Joy kando, akachagua michoro yote arobaini na miwili, akafuta, akafuta tena pale laptopu ilipouliza kama ana hakika. Jaji akaandika kitu kwenye karatasi yake, akaenda hema la pili.

"Ya kwangu ulikata ngapi?" Halkano aliuliza.

"Nne."

Mezani zilikuwepo mbili, na ya tatu ilikuwa mkononi mwa Halkano.

"Nilimpa mtu asubuhi," Ekuam alisema polepole. "Alichagua hiyo mwenyewe. Akaniambia hajaona fundi kama mimi."

"Leo ni mnada. Ng'ombe zangu zimefika tangu alfajiri." Halkano alikuwa ameshageuka kuondoka. "Twende. Utasema na mdomo yako, kila mtu asikie."

"Mzee, hao wa sokoni ni Waborana. Mimi Mturkana niseme nimetengeneza chuma yenu? Watanipiga."

"Nitasimama kando yako. Kukusemea, hapana."

Joy alimshika mkono. Ekuam akajitoa taratibu, akafuata.

Soko la mifugo lilikuwa limejaa. Ekuam alipanda ukuta mfupi wa kupakia ng'ombe kwenye lori, Halkano akiwa chini kando yake, kisha akajaza mapafu.

"Naitwa Ekuam Lokorio, fundi wa Chechelesi!" Vichwa vikageuka. "Kuna chuma ya uongo ndani ya hii soko. Ni chapa ya Halkano, na aliyeikata ni mimi!"

Bei zilikoma kutajwa. Mbele yake mtu mmoja alihamisha fimbo kutoka mkono wa kushoto hadi wa kulia.

"Fungeni lango!" sauti ikapaa. "Asitoke mtu!"

Lango likafungwa. Ekuam akiwa ndani, juu ya ukuta, alianza kuwatazama watu mmoja baada ya mwingine, akitafuta uso wa yule aliyemsifu asubuhi.